Mguu Haujambo, Alisema

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwashi. Mafundi wenzake walimbandika jina la Timazi, ile kamba ya kupimia ukuta, kwa sababu kuta zake zilisimama wima, na yeye mwenyewe pia. Mwaka juzi jukwaa likavunjika akiwa ghorofa ya pili, akashuka pamoja na matofali. Nyonga ikasagika. Tangu hapo hasimami bila mkongojo, na kazi ya uashi haina kiti.

Akaomba mafao ya ulemavu. Miezi minne baadaye ikaja barua kwamba ombi limekataliwa. Nilisoma sababu mara mbili: "Mwombaji alieleza kuwa mguu haujambo na kazi anaimudu."

"Shemeji, ulimwambia nini daktari wa ofisi ya mafao?"

"Aliniuliza habari za mguu, nikamjibu nzuri, haujambo. Sasa mtu ndiyo kwanza mnaonana, umsomee magonjwa?"

"Na kazi?"

"Nikasema tunasukuma tu, tunamshukuru Mungu."

Nilicheka hadi nikakaa chini, halafu nikakasirika. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii uliponza na mguu. Tulikuwa na siku thelathini za kukata rufaa. Tukishindwa, dada angeibeba nyumba peke yake kwa cherehani moja, na macho yake yameshaanza kuchoka.

Basi nikamfundisha kama mtoto wa chekechea. Kila jioni namuuliza, "Habari za mguu?" Anaanza, "Nzu..." Namkazia macho. "Unauma," anasema, kama mwizi aliyekamatwa.

Siku ikafika. Wanakamati watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, feni ikipeperusha karatasi zao. Mwenyekiti, mama mwenye miwani, akasema, "Mzee, habari za leo?"

"Nzuri sana, mama. Za kwako?"

Nikamfinya. Yule mama aliona, akatabasamu, akafunga faili. "Habari tuziache. Nieleze asubuhi yako, tangu unapoamka."

Timazi akauzungusha mkongojo mikononi. Neno "siwezi" sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na nilianza kuogopa kwamba hata leo halitatoka.

"Suruali inanichukua nusu saa," akasema mwishowe. "Nalala chali, naivuta kwa kamba. Mke wangu yuko uani, anadhani nasikiliza redio. Soksi nimeziacha, siwezi. Na ukuta, mama, siwezi tena."

Mwezi mzima nilikuwa nimemsukuma aseme. Aliposema, nilitamani kumfinya anyamaze. Niliona aibu kuwa mle ndani, nikaangalia vidole vyangu.

Walitutoa nje kidogo, wakatuita. Rufaa imekubaliwa, mafao yataanza mwezi ujao. Kwenye ngazi nikapiga kigelegele hadi bawabu akageuka. Timazi hakucheka. Alishuka kidato kimoja kimoja, akasimama katikati.

"Shemeji, mwambie dada yako tumeshinda. Ila ile habari ya suruali iishie hapa."

Nikamwahidi. Ningefanya nini? Dada naye alishanikanya siku nyingi nisije nikamwambia shemeji kwamba anajua, na kwamba kila asubuhi huufagia ua mara mbili ili ampe nafasi ya kumaliza kuvaa.