Njia Inayopita Langoni kwa Dada

Kwa miaka kumi na tisa Mama Gundi alikwenda kazini kwa baiskeli akiufuata ufukwe, na katika miaka yote hiyo alichelewa mara moja tu: asubuhi ile uchungu wa mwanawe wa mwisho ulipomshika karibu na gati, akageuza usukani akaenda zake hospitali. Wenzake kazini walimsimulia kisa hicho kila mfanyakazi mpya. Jina nalo walimpa wao. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba kuu ya mji, kwenye chumba cha chini chenye madirisha mawili madogo, na gundi haikumtoka vidoleni. Akizungumza na mtu alikuwa akiibandua kidogo kidogo, kama anayemenya karanga.

Basi hakulipanda, kwa sababu basi lilimtapisha. Kituo cha kwanza anameza mate, cha pili anafungua dirisha, cha tatu abiria wenzake wanaondoa miguu. Baiskeli ndiyo ilikuwa salama yake na ya wengine.

Jumatatu moja akakuta ufukwe umezibwa. Mabati ya buluu, marefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani, yalianzia mnada wa samaki yakaenda mpaka darajani. Mbele yake palikuwa na bango lenye picha ya watu waliovaa nguo nyeupe, wakitembea chini ya miti ambayo ilikuwa bado haijapandwa. Chini ya picha waliandika kwamba ufukwe mpya utakuwa tayari baada ya miezi ishirini na minne. Langoni alisimama mlinzi, kofia ya plastiki ikimpwaya kichwani.

"Kaka, mimi napita tu," Mama Gundi akamwambia.

"Mama yangu, hapa hata upepo unaomba kibali."

Pembeni alikuwepo mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mrefu mwenye baiskeli fupi. Miaka sita walikuwa wakipishana hapo ufukweni na kusalimiana kwa kengele. Siku hiyo ndipo Mama Gundi alipoisikia sauti yake kwa mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa amekwisha kutoa karatasi, akachora mistari miwili. Barabara kuu, kilomita tano na robo. Njia ya sokoni, kilomita nne kasoro.

"Kihesabu," akasema, "soko ndilo jibu."

Mama Gundi akalifuata jibu la mwalimu. Lakini karatasi ile haikuwa na mikokoteni, wala magunia ya vitunguu, wala wachuuzi waliotandika bidhaa mpaka katikati ya njia. Alishuka kwenye baiskeli penye kibanda cha kwanza, na hakuipanda tena mpaka cha mwisho. Aliingia kazini amechelewa dakika arobaini, jani la kabichi limenasa kwenye spoku. Msimamizi wa maktaba, kijana aliyezidiwa naye miaka ishirini, akatazama saa ya ukutani.

"Mama, leo umejifungua tena?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, asije akaonekana mtu wa kununa. Ila mchana kutwa moyo ulimuuma, maana uaminifu wa miaka kumi na tisa ulikuwa umegeuka mzaha kwa asubuhi moja.

Kesho yake akajaribu barabara kuu. Huko ndiko yalikopita malori ya mawe ya mradi wenyewe, yakifuatana kama siafu. Siku tatu alijibana ukingoni, meno ameyauma. Siku ya nne lori moja likapiga honi mgongoni pake, upepo wake ukamsukuma, akajikuta ameketi mtaroni, kiwiko kimechunika, gurudumu la mbele likizunguka lenyewe. Lori halikusimama. Kilichomtisha si ule mchubuko. Ni kule kutambua kwamba huenda dereva hakumwona kabisa.

Alipofika kazini alichukua sindano ashone daftari kubwa la zamani lililokatika uzi. Uzi ukakataa kuingia tunduni. Akajaribu tena, na tena. Akaiweka sindano chini, akapakata mikono mapajani kama mtu aliyebeba mtoto mgeni.

Jioni mumewe, fundi umeme mstaafu, alimsafisha kidonda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Alikuwa mtu mpole, asiyesema jambo mpaka aligeuze mara tatu.

"Ipo njia ya tatu," akasema.

"Haipo."

"Ipo. Ya nyuma ya tangi la maji, kule kilimani. Mlikuwa mkiipita mkienda shule."

Mama Gundi akauvuta mkono. "Unaijua inapitia wapi."

"Najua. Na mimi siingilii. Wahenga walisema, ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Nimelima miaka sita sasa, mama watoto. Shamba limeniishia."

Njia ile ilipita langoni kwa dada yake.

Dada huyo alikuwa nesi mstaafu, amemzidi Mama Gundi miaka saba. Baba yao alipozeeka alihamia kwake, na hilo walikubaliana wote. Kisha Mama Gundi akapelekwa mji mwingine miezi mitatu kusomea kutengeneza karatasi kuukuu, masomo aliyoyangoja nusu ya maisha yake. Huko nyuma baba akaugua sana, lakini kila alipopiga simu, dada alimjibu, "Baba yupo, anakusalimu." Baba alifariki Alhamisi. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Simu ya msiba ilimfikia Ijumaa alasiri, akasafiri usiku kucha, akakuta kitanda kimetandikwa shuka safi na baba amekwisha kuzikwa. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Dada, umenidhulumu baba." Dada hakujibu neno. Tangu hapo walikutana kwenye harusi za watoto wa ndugu, huyu kona hii na yule kona ile, kama nguzo za hema.

Lakini malori yalikuwa malori. Jumatatu iliyofuata akapanda kilima.

Njia yenyewe ilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikana. Ilifuata bomba kubwa la maji, penye kivuli, bila hata gari moja, na ilichukua dakika ishirini na tano tu. Ila mwishoni palikuwa na mwinuko ambao hapandi mtu na baiskeli; lazima ushuke, usukume, uheme juu juu. Na pale penye ukali kuliko pote ndipo lilipokuwa lango la dada. Kama ingekuwa mteremko angepita kama mshale. Mungu naye ana utani wake.

Siku ya kwanza dada alikuwa anamwagilia maua. Mama Gundi aliikazia macho tairi ya mbele utadhani imeandikwa kitu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu dada alikohoa. Wiki ya pili, bila kuinua uso kutoka kwenye ndoo yake, alisema, "Pitia upande wa ukuta. Hapo katikati panateleza."

Mama Gundi akapita katikati. Kiburi hakina breki: mguu ukamponyoka, akashikilia usukani, nusura aanguke na baiskeli juu yake. Kesho yake alipita upande wa ukuta, na dada hakusema kitu, jambo lililomuudhi zaidi.

Mwalimu wa hesabu aliposikia habari za njia hiyo, akaungana naye. Naye hakuwa mtu wa kupita kimya mbele ya lango la watu.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Mpe pole mwenzio kwa kilima."

Mwalimu akageuka, hatua mbili tu. "Unapewa pole."

"Mwambie nimeshapoa," Mama Gundi akasema.

"Anasema ameshapoa."

"Nimesikia," dada akajibu.

Walipofika juu mwalimu akauliza, "Yule ni nani wako? Mbona mmefanana kama sahani za seti moja?"

"Jirani wa zamani."

Mwalimu alikuwa amefundisha watoto waongo miaka kumi na minne, kwa hiyo hakuuliza zaidi. Ila tangu siku hiyo akawa posta. Kupitia kwake dada aliuliza kiwiko kilifanya nini. Kupitia kwake akaambiwa malori. Kupitia kwake akatoa maoni kuhusu dereva yule, maneno ambayo mwalimu alikataa kuyarudia.

Shule zikafungwa, mwalimu akaenda kwao, na mvua zikaanza. Asubuhi moja, mbele ya lango lile lile, mnyororo ukaruka ukajibana katikati ya gia na fremu. Mama Gundi akachutama matopeni. Kadiri alivyouvuta ndivyo ulivyozidi kung'ang'ania. Mara mvua ikaacha kumpiga. Alipoinua macho aliona mwavuli, na dada chini yake, tambara mkononi.

"Zungusha kanyagio nyuma, mimi navuta," dada akasema.

Wakashirikiana. Mikono minne, grisi mpaka vifundoni. Mnyororo ulikuwa bado haujatoka Mama Gundi alipojisikia anasema, wala hakuwa amepanga:

"Kwa nini hukuniambia?"

Dada hakujifanya hajaelewa. "Alinikataza."

"Ungemkaidi."

"Nimeuguza watu miaka thelathini na mmoja. Mgonjwa mwenye akili zake akiniomba jambo, simkaidi. Alisema, yule mtoto aliacha shule mara moja kwa ajili ya maradhi yangu, asiache mara ya pili."

Hilo lilikuwa kweli. Akiwa na miaka kumi na sita Mama Gundi alitoka darasani kwenda kuosha vyombo kwenye mgahawa, baba alipolazwa mwaka mzima. Hakujua kwamba mzee alilibeba moyoni miaka yote hiyo.

"Mbona hukusema hivyo siku ile?"

"Siku ile ulinihukumu mbele ya watu. Nikasema, acha, atakuja kuniuliza. Hukuja. Nami nikavimba." Dada akafuta kidole kimoja kimoja kwa lile tambara. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Na kuna jingine. Nilidhani ana wiki mbili zaidi. Nilimpima, nikamtazama, nikajiambia, mdogo wangu atamaliza mtihani, nitampigia, atafika. Nilikosea. Mimi, nesi, kwa baba yangu mwenyewe. Hilo ndilo sikutaka ulijue."

Mnyororo ukatoka. Mama Gundi akaurudisha kwenye meno yake, akauzungusha, ukashika. Akasukuma baiskeli akaenda zake. Siku hiyo alichelewa dakika kumi na tano, na msimamizi alipomtazama usoni, hakutania.

Siku nne aliyatafuna maneno yale bila kumwambia hata mumewe. Hasira aliijua, alikuwa ameizoea kama kiatu cha zamani. Sasa haikumkaa tena, lakini huruma nayo ilikuwa bado inabana. Alimfikiria dada akikaa peke yake na kosa lile miaka sita, akimwagilia maua. Alimfikiria baba pia, akauliza chumba cha chini chenye madirisha mawili: na mimi nani aliniuliza ninachotaka?

Siku ya tano akaegemeza baiskeli langoni na kuomba maji. Dada akamletea glasi. Akanywa yote, akairudisha.

"Ningekuja, dada. Hata angekataa mara mia, ningeacha mtihani nikaja. Uamuzi huo ulikuwa wangu, si wako wala si wa baba."

"Najua."

"Kujua hakutoshi."

Dada akaiweka glasi juu ya ukuta. Mwanamke huyo alikuwa amewaambia watu habari nzito maisha yake yote na hakuwahi kutetereka, lakini sasa kidevu kilikuwa kikimcheza. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe. Nawe unisamehe kwa maneno yale, na kwa kuyasema mbele ya watu."

"Hayo niliyasamehe zamani. Ila nilikuwa siwezi kukwambia, ungejiona umeshinda."

Wakacheka, wakalia kidogo, na kwa kuwa ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi, Mama Gundi akaenda kazini. Mwalimu aliporudi kutoka likizo alikuta posta imefungwa. "Kwa hiyo," akasema, "jirani wa zamani amekuwa jirani mpya."

Miezi ishirini na minne ilizaa saba mingine, na ufukwe ukafunguliwa. Miti ilikuwa kweli imepandwa, mifupi kama fimbo, na pembeni palikuwa na njia pana ya baiskeli, tambarare kama meza. Mama Gundi akarudi huko. Magoti yalikuwa na miaka hamsini na tisa, hayakutaka mjadala.

Dada alinuna. "Kwa hiyo barabara imepona, mimi nimekwisha kazi."

"Magoti, dada."

"Magoti hayo nani alikufundisha kuyatambalia?"

Wakakubaliana Jumamosi. Jumamosi hakuna saa ya kuingia kazini. Mama Gundi huusukuma mwinuko ule polepole, upande wa ukuta, hupumzika mara mbili, na dada humkaripia kutoka juu kwamba anachelewa.