Mgeni wa Masika

Mvua ya Aprili ilipoanza kuugonga mtaa wetu wa Buyenzi, ardhi ilitoa harufu iliyochanganyika na ya mafuta machafu ya gereji, nasi watoto tuliivuta puani kama harufu ya pilau. Mwezi ule wote ulikuwa wa maji. Asubuhi ukungu uliteremka kutoka milimani, adhuhuri jua likayachoma mabati, alasiri radi. Vita vilikuwa vimeshaingia mjini, na hata mimi, msichana wa miaka tisa, nilijua kutofautisha: radi huvuta sauti, bunduki huikata.

Alasiri moja mvua ikimwagika, mwanamke mmoja alibisha hodi, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Alikuwa Espérance wa mtaa wa Kanyosha, aliyemuuzia mama mihogo sokoni. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Mama hakumuuliza kabila. Alimpa kanga kavu na chai ya tangawizi, akasema, "Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tulilala tumebanana, tukihamisha mikeka kila bati lilipovuja. Wahenga husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Espérance alilitafuta mwenyewe, akachimba mfereji mbele ya mlango, na maji yakakoma kuingia ndani.

Kabla mwezi haujaisha, likaja kundi la vijana wenye mapanga, wakimtaka "yule mwanamke." Mama alisimama mlangoni.

"Apana," alisema. "Uyu ni mugeni wangu. Mukimutaka, muanze na mimi."

Nilikuwa nimeshika kanga yake. Sauti yake haikutetemeka. Ndipo baba akatokea gereji na mafundi wenzake, mikono ikiwa bado na grisi. Majirani waliotoka kuswali alasiri wakajiunga nao, wakajipanga mbele ya nyumba yetu, wakilowa. Mwishowe jirani yetu, mzee muuza vipuri, akawaambia vijana, "Wanangu, mvua inanyesha. Murudi kwenu."

Wakarudi. Espérance alikaa nasi hadi kiangazi, akaenda kwa dada yake akiwa na watoto wote wawili wazima.

Leo naishi Mutanga Nord, mtaa wa matajiri mjini humo humo, katika nyumba isiyovuja, yenye geti refu. Majirani nawajua kwa magari yao, na sina hakika nani angetoka kulowa kwa ajili yangu. Lakini watu wakiniuliza kwetu ni wapi, sifikirii mara mbili. Nanyoosha shingo, nasema: mimi ni mtoto wa Buyenzi.