Mizani Yamwita Bonge Mpakizi wa Saruji

Saa moja asubuhi, lori la kwanza linarudi kinyumenyume hadi mlango wa ghala. Wapakizi wanne wanasogea. Wa tano, mzee wa miaka 62 waliyembandika jina la Chuma, amekaa getini kwenye kiti cha plastiki akiandika namba za magari. Kalamu ameishika kama anataka kuivunja.

“Miaka thelathini na moja nabeba saruji,” anafoka. “Leo naambiwa mimi bonge!”

Ana haki ya kufoka. Miezi minne iliyopita kliniki ya kampuni iliwapima wafanyakazi wote. Chuma alikuwa na kilo 88 na urefu wa sentimita 170. Muuguzi akapiga hesabu ya uzito kwa urefu, akapata 30.4. Kwenye jedwali lake, thelathini kwenda juu ni unene uliopitiliza. Akaandika: hafai kubeba mizigo mpaka apungue. Chuma akahamishiwa getini. Mizani haina macho, lakini muuguzi anayo, na hakumtazama mzee wa watu hata mabega.

Chuma akaogopa, akaacha kula. Chai kavu asubuhi, bakuli la uji jioni, basi.

“Nilimwambia, baba watoto, unajiua,” anasema mkewe, bado ana uchungu. “Akanijibu, ‘Mama, nisipobeba mimi ni nani?’”

Mwezi uliopita mizani ikasoma kilo 82. Kliniki ikampongeza, ikamrudisha kazini. Siku hiyohiyo mfuko wa kilo hamsini ukamponyoka begani, ukapasukia kando ya mguu wa mwenzake. Jioni akarudishwa getini, safari hii kwa kukosa nguvu!

Daktari wa zahanati ya mtaani ndiye wa kwanza kumzungushia futi ya kamba kiunoni. Sentimita 81, chini ya nusu ya urefu wake. Kitambi hakipo.

“Mzee wangu, hesabu ile haitofautishi msuli na mafuta,” alimwambia. “Wewe umejinyima ukapunguza msuli. Kwa umri huu, kuurudisha ni kazi.”

Sasa Chuma anakula milo mitatu, na kila jioni ananyanyua ndoo za maji uani, mkewe akimhesabia. Jumatatu anapimwa tena kwenye kliniki ya kampuni.

“Wakitaka wapime kiuno, wapime na mikono,” anasema. “Wakileta tena jedwali lao, waniletee na mfuko wa saruji. Na safari hii, nakwenda nimeshiba.”