Nilihesabu folda ya kamusi mara mbili, nikafuta ya pekee

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinikuta mwenyewe pale mtaani Katandala, sijaongeza kitu, ingawa kudai nyongeza ndiyo tabia yangu.

Enzi zile kila mwenye kamtaji alifungua ofisi ya kuchapa. Mimi nilikuwa na kompyuta mbili na seva moja ya mtumba chini ya meza, nimeifunika kitenge kwa ajili ya vumbi.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mwalimu Felista, mstaafu wa Mpui. Alikuwa anaandaa kamusi ya Kifipa. Daftari lake lilikuwa na maneno matupu. Maana zake alinitamkia kwa mdomo, nikachapa, mwaka mzima. Alhamisi alitakiwa kuipeleka kwa mchapishaji Mbeya.

Jumatano saa tisa mchana, Mwalimu kakaa pembeni yangu tunamalizia, seva ikasema imejaa.

Sasa mimi kila kitu nahesabu mara mbili. Kompyuta ya kwanza, folda KAMUSI, mafaili 24. Ya pili, KAMUSI, 24. Nikajiambia kumbe nimetunza kitu kimoja mara mbili. Nikadelete ile ya kompyuta ya pili.

Kurudi kwenye ya kwanza, haipo.

Ilikuwa folda moja tu, iko kwenye seva, kompyuta zote zinaichungulia. Nimehesabu ng'ombe mmoja kwa milango miwili ya zizi. Recycle Bin tupu, maana ukifuta kitu cha kwenye seva kupitia mtandao hakipiti huko.

"Mbona kimya?" Mwalimu akauliza. "Wewe hunyamazi hata ukinunua chumvi."

Nikamwambia ukweli. Akavua miwani.

"Mwanangu, mwaka mwingine kama huu mimi sina."

Nikampigia fundi aliyenifungia seva.

"Usiguse kitu," akasema. "Unakumbuka ulivyoning'ang'ania nyongeza?"

Nilikumbuka. Bei tulishakubaliana, nikakataa kumfungulia mlango atoke mpaka aniongezee kitu.

"Nilikuwashia Shadow Copies ili unyamaze. Seva inatunza hali ya mafolda saa moja asubuhi na saa sita mchana. Right-click folda kubwa ilimokuwa KAMUSI, Properties, halafu Previous Versions."

Akanionya nisibonyeze Restore, nitarudisha nyuma kazi za wateja wengine. Nifungue ya saa sita, nichukue KAMUSI peke yake, nii-copy kwenye kompyuta.

Mafaili 24. Nikarudia, 24.

"Sogea," Mwalimu akasema. "Hesabu zako siziamini tena." Akahesabu na yeye.

Yalipungua maneno kumi na moja tu, tuliyochapa baada ya saa sita. Akafumba macho, akayatamka yote na maana zake. Halafu akatamka la kumi na mbili.

"Mwalimu, hilo halikuwemo."

"Ni nyongeza. Andika."

Alhamisi alipanda basi na kamusi yake kwenye CD mbili, moja kwenye mkoba, nyingine kifuani.

Nilichojifunza: nakala mbili ni zile zilizokaa kwenye vyombo viwili tofauti. Na kama una seva ofisini, muulize fundi wako leo kama hiyo Shadow Copies imewashwa, usisubiri kufuta kwanza.

Wenzangu mliowahi kufuta kitu cha watu, semeni mlijinasuaje. Wa kunicheka pia karibuni, nafasi zipo.