Mama Povu, mshenga wa mbwa wanaokimbiwa

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Nyuma ya kliniki ya mifugo, mwanamke aliyekunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko anamsugua masikio mbwa mweusi mkubwa kama kabati. Povu limemfika mbwa kidevuni. Kila kopo la maji likimwagika mgongoni, anafumba macho kwa raha.

"Tulia, mume wa watu," anamwambia. "Leo nakuozesha."

Mbwa huyu ni rotweila. Anaitwa Bwana Harusi, maana ukimtazama kifuani utadhani amevaa suti. Shingoni ana kovu la mnyororo aliofungwa miaka minne akilinda ghala. Mwenye ghala alimtelekeza hapa akiwa mgonjwa, na sasa kwa kuwa amepona anamtaka. Daktari wa kliniki amempa mwosha mbwa wake mpaka jioni ya leo: asipopatikana wa kumchukua, Bwana Harusi anarudi mnyororoni.

Mwosha mbwa huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Povu, ana umri wa miaka arobaini na sita. Ameosha mbwa hapa kwa miaka kumi na miwili, na muda wake wote wa ziada unaishia kwa rotweila na pitibuli waliotupwa, mbwa ambao jina lao limechafuka kuliko matope wanayokuja nayo. Amekwisha kuwapatia makazi thelathini na saba.

"Mume wangu ni fundi seremala, ndiye anayejenga mabanda," anasema. "Aliniambia nikileta mwingine, atahamia bandani yeye. Nikamwambia pole, baba, kumejaa."

Kuwaosha si kazi. Kazi ni watu.

"Wamekuja arobaini na watatu kumwona huyu. Wote swali lao la kwanza ni moja: anauma? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza anaitwa nani. Natamani siku moja nisikie hilo kwanza."

Zamani aliwakutanisha mbwa na wageni uso kwa uso, kama wachumba. Lilikuwa kosa. Wageni waliogopa, wakakodoa macho, na mbwa akikodolewa macho huona anatafutiwa ugomvi. Sasa ana kigoda. Mgeni anakaa, anampa mbwa mgongo, wala hageuki mpaka mbwa aje mwenyewe.

Kwa maneno ni rahisi. Bwana mmoja aliondoka mbio na kigoda chenyewe. Mwandishi wa makala haya naye alijikaza kisabuni kwa sekunde ishirini, kisha akajikuta juu ya meza ya dawa, asijue alipandaje.

Saa tano, geti linagongwa. Anaingia bibi mmoja mwembamba, mkoba kwapani, sketi imepigwa pasi ikakubali. Mama Povu, asiyetishwa na rotweila, anarudi nyuma hatua moja na kuficha mikono yenye povu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na kucha hizo je?"

Ni mwalimu wake mkuu wa shule ya msingi, sasa mstaafu. Anasema nyumba yake imekuwa kimya mno tangu mumewe afariki. Amesikia habari za mbwa anayeogopwa kwa ajili ya sura.

"Miaka thelathini na mmoja watoto walinikimbia," anasema. "Na mimi sikuwa nimekasirika. Ndivyo nilivyozaliwa."

Anakaa kwenye kigoda, mgongo wima. Bwana Harusi anafunguliwa. Ananyata. Mama Povu ameziba mdomo kwa viganja.

"Nimekuona," anasema Mwalimu bila kugeuka.

Mbwa anasimama. Anakaa chini.

"Vizuri. Sasa njoo."

Anakuja, na kichwa chake chote kizito anakilaza begani kwa Mwalimu. Mkono wa Mwalimu unapanda taratibu, unamgusa shingoni, unakutana na kovu. Unabaki hapo.

"Yaliyopita yamepita," anamnong'oneza. "Umesikia?"

Kisha anafungua mkoba na kutoa kalamu, tayari kujaza fomu ya kliniki.

"Anaitwa nani?"

Mama Povu anaondoa viganja mdomoni. Machozi yanamtoka huku anacheka. "Bwana Harusi, Mwalimu."

"Jina la ukoo?"

"Hana."

"Basi ataandikwa langu."

Wanaondoka pamoja, Mwalimu mbele, Bwana Harusi nyuma hatua mbili, kimya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mama Povu anawapungia mpaka wanapokata kona, halafu anapiga vigelegele peke yake uani.

Bado wapo mbwa wanne. Mpango wake ni kuongeza kigoda cha pili, mumewe ameshachonga miguu mitatu, ili Jumamosi ijayo waje wageni wawili kwa pamoja na kupeana moyo. Lakini hana subira ya kungoja Jumamosi. Anamtoa pitibuli wa kahawia, jike, sikio moja limechanika, kisha anamgeukia mwandishi.

"Wewe wa mezani, shuka. Kigoda kiko wazi."

Mwandishi anashuka. Anakaa. Anampa mbwa mgongo. Nyayo zinakaribia, pumzi ya moto inamfika shingoni.

"Anaitwa nani?" anauliza.