Mchoro wa Nyumba Mbili

Nakumbuka Jumanne moja pale Wajir, mwanangu, kompyuta iliponiambia kwamba mchoro wa lambo moja tu, shimo la kukingia maji ya mvua kule Hadado, una uzito kuliko michoro yote ya ofisi. Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya simu yako ya jana kutoka Takaba. Umeniambia mchoro wako wa darasa moja na choo chake umekuwa mkubwa ajabu na hautaki kutumwa. Ulicheka ulipokuwa unasema, lakini nilikusikia. Ofisi ya mtu mmoja naijua. Sikukujibu vizuri maana nilikuwa naelekea msikitini, basi nakuandikia leo. Usiwe na haraka, habari ya faili itafika. Mimina chai kwanza.

Ilikuwa kabla kaunti hazijaja. Nilikuwa mchoraji katika ofisi ya maji, ndevu zangu bado nyeusi, hazijui hina. Ofisi ilikuwa na meza mbili na watu wawili, mimi na Issack. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchora kwa kompyuta, maana mimi nilikuja na rula na kalamu. Tulikula pamoja, tukasali pamoja, tukagombania feni moja. Tulipata viwanja viwili vinavyopakana, na siku moja ambayo kazi ilikuwa chache, Issack akazichora nyumba zetu. Yangu huku, yake kule, na katikati ya nyua mbili akatia mlango mdogo usio na kufuli.

"Watoto wapite, na chai ipite," aliniambia.

Kisha nikamkosea. Issack alichora zahanati, kazi safi kabisa, akaenda likizo. Mkubwa wetu akauhitaji mchoro ule. Nikaufungua, nikafuta jina lake kwenye kona ya chini, nikaandika langu. Nilisifiwa mbele ya watu, na nilikuwa kijana, sifa zilinilevya. Issack aliporudi aliukuta mchoro umebandikwa ukutani. Aliusoma polepole mpaka kona ile, akarudi mezani kwake. Mwezi uliofuata aliomba uhamisho, akaenda Garissa.

Sikumwomba radhi. Kila wiki nilijiambia nitampigia wiki ijayo. Meza yake nikairundikia magazeti nisiione ilivyo tupu. Nilikuwa mpweke, mwanangu, upweke wa kuingia kazini asubuhi na kutoka jioni bila mtu kukuuliza umeamkaje. Tena niliutafuta mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumlalamikia.

Sasa kuhusu lambo. Watu wa Hadado walikuwa wameahidiwa na wafadhili, lakini mchoro ulitakiwa ufike Nairobi kwa barua pepe kabla ofisi hazijafungwa Alhamisi. Usipofika, Hadado inatolewa kwenye orodha ya mwaka ule, na wanawake wanaendelea kutembea na mitungi na punda kama kawaida. Mchoro wenyewe ulikuwa mistari michache: ukingo wa udongo, mfereji wa kuingizia maji, mahali pa kunyweshea ngamia, na ua wa miiba. Lakini kuufungua tu ulichukua muda wa mtu kutia udhu. Mjini kulikuwa na cyber moja yenye dishi juu ya paa. Nilikwenda pale na flashi yangu mara tatu. Kila mara unafika nusu, mtandao unakatika.

Nikahangaika. Nilizima tabaka zote za mchoro nisizozihitaji, uzito ukabaki uleule, maana kuzima ni kuficha tu, kitu chenyewe bado kipo. Nilifuta vitone nilivyovijaza kuonyesha mchanga, maelfu kwa maelfu, ukapungua kidogo. Niliibana faili, ikapungua kidogo tena. Bado haikutosha. Na siku zote mbili nilimjua mtu ambaye angenisaidia kwa dakika tano.

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa Mzee Adan, aliyetumwa na kamati ya maji ya Hadado ahakikishe mchoro umeondoka. Alhamisi asubuhi uvumilivu ukamwishia, akaingia ndani na bakora yake.

"Waryaa, mchoro ishaenda?"

"Bado, adeer," nikamwita kwa heshima, kama ami yangu. "Iko kubwa sana."

Akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Hii laini kidogo hii ndiyo kubwa?"

"Ndiyo, adeer."

"Nani najua hii mashine kuliko wewe?"

Macho yangu yakaenda kwenye meza ya Issack. Mzee akaitazama ile meza yenye magazeti, akanitazama mimi.

"Uliza yeye."

"Tulikosana, adeer."

"Mimi sikuuliza hiyo. Ngamia yangu najua nyinyi nakosana? Biga simu. Sasa."

Nikapiga. Issack alipokea kabla sijajiandaa. Tukasalimiana, nabad, nabad, kama watu wa ofisi mbili tofauti. Nikamweleza shida.

"Ulianzia kwenye faili yangu?" aliuliza.

Ndivyo nilivyofanya kila kazi tangu aondoke. Nilifungua mchoro wake wa zamani kwa sababu fremu na maandishi yalikuwa tayari, nikafuta kila kilichoonekana, nikachora changu, nikauhifadhi kwa jina jipya.

"Basi umebeba kazi zangu zote," alisema kwa sauti ileile ya kunifundisha. "Vitu vyangu nilivifunga mafungu nikavipa majina. Ukivifuta kwenye ukurasa, kompyuta inaviweka kwenye orodha yake, inadhani utavihitaji. Fungua orodha uone. Halafu toa amri ya kusafisha, urudie, mpaka iseme hakuna kilichobaki."

Kisha hakukata. Alikaa kwenye laini, nasikia gari likipita kwake Garissa. Nilijua anangoja nini. Nikasema, "Ahsante." Akasema, "Haye." Tukakata.

Nikafungua orodha. Kumbe lambo langu lilikuwa limebeba zahanati, matangi, vyoo, pampu, ramani nzima za vijiji. Na chini kabisa kulikuwa na fungu limeandikwa "Nyumba zetu". Nikaliweka kwenye ukurasa. Nikaona nyua zetu mbili na mlango ule mdogo.

Moyo uliniuma, mwanangu, nao ulipouma nikakasirika. Ningeweza kulitoa fungu lile liwe faili yake peke yake. Ni kazi ya nusu dakika. Nikajiambia sina muda, Mzee Adan amesimama mlangoni. Lakini muda ulikuwepo. Nilitaka tu kisibaki kitu cha kunikumbusha. Nikafuta, nikasafisha mara tatu, na faili ikawa nyepesi kiasi kwamba niliifungua tena kuhakikisha lambo halijaondoka nalo. Kabla ya adhuhuri mchoro ulikuwa Nairobi. Mzee Adan alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akaniombea dua ndefu, halafu akaenda kutafuta gari la kumrudisha.

Mimi furaha ikanipanda kichwani. Nikafungua michoro yote iliyokuwa na uzito, mmoja baada ya mwingine, nikaisafisha yote. Kufika alasiri hakukuwa na faili ofisini yenye nyumba zile.

Lambo lilichimbwa. Nimewaona ngamia wakinywa pale na nimemshukuru Mungu. Hilo silijutii. Nyumba nilijenga baadaye, peke yangu, na kiwanja cha Issack kilinunuliwa na mtu mwingine. Pale mlango mdogo ulipopaswa kuwa pana ukuta wa mawe meupe, na jirani ninamjua kwa kikohozi chake tu.

Mwaka jana tulikutana harusini Garissa, mimi na Issack, ndevu zetu zote mbili nyekundu. Tukawekwa kwenye sinia moja. Tulipokuwa tunakula akaniuliza, "Zile nyumba zetu, bado ziko kwenye kompyuta?"

"Nilizifuta," nikasema.

Akatafuna kidogo. "Haye. Zilikuwa nzito," akasema, akanisogezea kipande cha nyama kilicho kizuri. Hata pale, mwanangu, mdomo wangu ulikuwa umejaa wali, na nikajifanya ndiyo sababu sikusema lolote.

Basi sikia. Darasa lako ulilianzia kwenye faili ya mtu aliyekutangulia, naweza kuapa. Anza na ukurasa mpya, uhamishie mistari yako tu. Ukitaka kubaki na faili ileile, fungua orodha ya vilivyofichwa, angalia na picha za angani zilizopachikwa, halafu usafishe na kurudia. Ila kabla hujasafisha, soma majina, jina moja moja. Ukikuta kitu cha mtu, kitoe ukiweke mahali pake hata kama umemkasirikia, kwa maana hasira itaisha na kitu kitakuwa hakipo. Jina la mtu kwenye kona usiliguse. Na ukikwama, piga simu siku ya kwanza, si ya tatu. Yule akaaye kwenye laini bila kukata, mpe neno analolingoja.

Najua utasema mzee anahubiri asiyoyafanya. Namba ya Issack nimeiandika juu ya karatasi hii hii. Leo baada ya alasiri nampigia, na sitakuwa na faili ya kuuliza.

Mungu akujazie mvua kila lambo utakalolichora, mwanangu, akufungulie njia hapo Takaba, na akupe mtu wa kumpigia simu siku ambayo huna shida yoyote.