Ng'ombe Ubavuni mwa Ndege

Huka huandika vibao vya maduka hapa Garsen, na mkono wake hautetemeki. Ndiyo maana Mansur wa Malindi, anayeunda vijindege vya mfano wa ndege za vita za zamani, humletea avichore alama. Safari hii alikuja na kijindege kimoja, pamoja na picha ya ndege halisi yenye safu ya ng'ombe wadogo waliochorwa chini ya dirisha la rubani.

Sisi ni Waorma, na kwetu mtu hujulikana kwa ng'ombe wake. Huka akaona rubani alikuwa tajiri anayejivunia mifugo. Nani kati yetu angefikiria vingine? Akawachora kwa mapenzi, kisha akaongeza mtamba mmoja, kama tunavyomtuza mtu wa heshima.

Mansur alipokuja kukichukua, akahesabu. "Ndugu yangu, mbona umezidisha?"

"Huyo ni zawadi yangu kwa mwenye ng'ombe."

"Hawakuwa wake, Huka. Rubani alichora mmoja kila alipomaliza kundi la ng'ombe wa adui kwa bunduki za ndege."

Huka akaketi chini, brashi mkononi. Yule mtamba alikuwa amempaka madoa ya yule ng'ombe wa mamake aliyekamwa maziwa ya kumlea Huka, na sasa alisimama mwisho wa safu ya maiti.